Maneno 770

Ukisema unatoka Kericho, watu huona chai. Huona ile picha ya kwenye kalenda: kijani mpaka macho yachoke, na wanawake wenye vikapu mgongoni. Soin iko Kericho pia, lakini sijawahi kuiona kwenye kalenda. Sisi tuko huku chini, ukishuka kutoka Kapsoit kama unaelekea Ahero, pale ambapo baridi inakuacha na watu wanaanza kuvua sweta ndani ya matatu. Jina lenyewe kwa Kikipsigis ni nchi ya chini, nchi ya joto. Huku ni miwa, mahindi, ng'ombe na jua. Chai iko juu, na mwenye nguvu hupanda kuifuata.

Nalitaja jua kwa sababu ndilo lililotuletea TV.

Stima ilipofika sokoni haikufika kwetu. Nguzo ziliishia mbali na boma, na kuivuta kutoka pale ilikuwa pesa ambayo hakuna mtu alikuwa nayo. Nilipokuwa mdogo TV ilikuwa ya hotelini, wanaume wakilipia kutazama mpira na sisi tukichungulia dirishani. Halafu zikaja kampuni za sola. Kijana anakuja na pikipiki na katalogi, unatoa pesa ya kwanza, anapanda kwenye mabati kufunga paneli, na kabla ya jioni una taa nne, redio na TV. Zingine unalipa kidogo kidogo kila siku kwa simu. Usipolipa inajifunga yenyewe.

Dada yangu ndiye aliyeinunua. Anachuna chai huko juu na anakaa kwenye nyumba za kampuni, chumba kimoja, hakuna wa kumwachia mtoto alfajiri akienda shambani. Kwa hiyo mtoto alipofika miezi kumi alimleta kwa mama, na TV ikaja mwezi uliofuata. Haikuwa anasa. Ilikuwa njia yake ya kusema asante, na pia ya kumsaidia mama, kwa sababu mama ana magoti mabaya na mtoto wa miezi kumi hatulii.

Niseme jinsi TV inavyoishi kwetu, maana nikisoma maandishi ya wataalamu naona kama wanazungumzia nyumba nyingine. Wanauliza mtoto "anatazama" saa ngapi. Kwetu hakuna anayetazama. TV inawashwa asubuhi na maombi na habari, halafu inaongea. Mama anapukuchua mahindi, inaongea. Anatoka kuangalia ng'ombe, inaongea na viti. Mgeni akija ndiyo inaongezwa sauti, ni kama kumpa chai. Jioni ni telenovela za Mexico na Ufilipino, watu wanaolia kwa Kizungu na midomo isiyolingana na sauti. Usiku mdogo wangu anaweka flashi ya filamu za DJ Afro. Inazimwa betri ikiisha, si mtu akiamua.

Katikati ya hayo yote, kwenye mkeka, alikaa mpwa wangu.

Alipofika miaka miwili alikuwa na maneno. Hilo lilituchanganya sana. Alihesabu kwa Kizungu mpaka tano, akiruka tatu. Alijua wimbo wa tangazo la sabuni mwanzo mpaka mwisho, na muziki wa taarifa ya habari ukianza alikuja mbio kutoka nje kama mtu aliyeitwa. Majirani walimsifu. Mama alikuwa akimwambia kila mtu kwamba huyu ataenda Nairobi.

Lakini akitaka maji hakusema kitu. Alikushika kidole, akakuvuta mpaka kwenye jagi, akasimama. Ukimwita jina hakugeuka, hasa TV ikiwa imewashwa. Ukimwuliza jambo alikuangalia mdomo kidogo, halafu akarudi kwenye skrini. Alikuwa na maneno, lakini hakuna hata moja la kuombea kitu. Na hayakuwa maneno ya nyumba ile. Mama anaongea Kikipsigis. Kiswahili chake ni cha sokoni, Kizungu hana. Mtoto aliyelala kwenye kitanda chake kila usiku alikuwa anahesabu kwa lugha ambayo yeye haijui, na kwa lugha anayoijua alikuwa kimya.

Kwenye kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto kuna ukurasa wa hatua za ukuaji: kutabasamu, kukaa, kusimama, kutembea, kuongea. Kuongea kumeandikwa kati ya miezi 9 na 24. Mama alimpeleka kupata vitamini A, nami nikaenda naye kwa sababu ya kilima. Nesi akafungua ukurasa, akauliza, "Anaongea?"

"Anaongea Kizungu," mama akasema.

Nesi akacheka, si kwa ubaya. Akauliza, "Akiwa na kiu, husema nini?"

Mama akaniangalia. Nikaangalia ukuta, palikuwa na bango la kunawa mikono.

Nesi yule alikuwa makini. Alisimama nyuma ya mtoto akapiga makofi, akatikisa kopo la dawa, akatuandikia barua twende hospitali kubwa masikio yapimwe. Tulienda, na masikio yalikuwa mazima. Tuliporudi kliniki na karatasi ile akaisoma, akaikunja, akauliza swali ambalo mama hajamsamehe mpaka leo: "Sasa nyumbani, nani huongea naye?"

Njia nzima mama hakusema neno. Tulipofika kwenye lango akasimama. "Nimezaa watano," akaniambia. "Wote wanaongea. Wewe unaongea mpaka unalipwa."

Hiyo ya mwisho ni kweli, kwa kiasi. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipotushinda, na tangu hapo ninaandika makala za watu mtandaoni. Mwenye kazi anakuwa Canada au Australia, hajui kama mimi ni wa Soin au wa mwezini, anataka maneno 1,500 kabla ya Ijumaa. Nimeandika kuhusu mabafu, bima, mbwa wenye mzio. Na mwezi uleule wa kliniki ikaja kazi moja: makala kwa wazazi kuhusu watoto wadogo na skrini. Niliiandika kwenye chumba changu, ambacho ukuta wake haufiki kwenye paa, na juu ya ukuta ikipita sauti ya TV yetu ikiuza unga.

Kwa hiyo nilisoma utafiti kwa pesa ya mtu mwingine. Mwingi wake unarudia mambo yaleyale. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwezi wa Aprili 2019: mtoto chini ya mwaka mmoja asitazame skrini kabisa, wa mwaka mmoja vilevile, na kuanzia miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora. Niliusoma huku nikihesabu kichwani saa za kwetu. Niliacha kuhesabu.

Kuna uchunguzi mmoja niliousoma mara tatu. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake huko Seattle walichukua watoto wachanga wa miezi tisa, wa nyumba za Kizungu, wakawaletea wanawake na wanaume wanaoongea Kichina cha Mandarin. Vipindi 12 tu, wakiketi nao sakafuni na vitabu na vidude vya kuchezea. Watoto wengine waliwaona watu walewale wakisema maneno yaleyale, lakini kwenye TV. Walipopimwa, wale wa sakafuni waliweza kutofautisha sauti za Kichina karibu sawa na watoto waliolelewa Taiwan. Wale wa TV walikuwa kama watoto ambao hawajawahi kusikia Kichina. Sauti ilikuwa ileile. Kilichokosekana ni mtu anayekuona ukimwona.

Na kuna ule wa Dimitri Christakis wa 2009. Watoto 329, wote chini ya miaka minne, walivalishwa kifaa kidogo cha kurekodi kila wanachosikia kutwa nzima. Kila saa moja ambayo TV ilisikika, maneno ambayo mtoto aliyasikia kutoka kwa mtu mzima yalipungua kwa takriban 770. Mtoto naye akanyamaza zaidi.

Mia saba na sabini. Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe la kunolea panga. Kwetu TV ilikuwa inawaka kama saa kumi na mbili kwa siku, na hesabu hiyo inakupa zaidi ya maneno elfu tisa. Najua hesabu haiendi hivyo. Mama hana maneno elfu tisa ya kupoteza kwa siku, hata ukimwudhi. Na wale ni watoto wa Marekani, na huenda pia nyumba zisizo na mazungumzo ndizo zinazowasha TV, badala ya TV kuyaua mazungumzo. Lakini Massachusetts walijaribu hilo pia: mzazi na mtoto chumbani na vidude vya kuchezea, nusu saa TV imezimwa, nusu saa imewashwa kipindi cha watu wazima ambacho hata mtoto hajali. Ikiwashwa, mzazi anaongea kidogo na anajibu kidogo. Wazazi walewale, siku ileile. Mtoto hatazami, lakini mzazi wake amechukuliwa.

Niliandika makala, nikalipwa, na bado kitu kilinisumbua. Ushauri wote unaofuata baada ya utafiti kama huo ni uleule: keti na mtoto, msimulie unachofanya, mwulize rangi ya mpira, mwambie "sasa tunakata karoti." Nikamwazia mama akimwambia mtoto wa miaka miwili, sasa tunakata sukuma. Angeniuliza kama niko mzima. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kumsimulia mtoto mdogo anachofanya. Na sote tuliongea, alivyosema mwenyewe.

Basi tuliongeaje?

Jibu nililipata kwa Wamarekani wengine, jambo ambalo linanichekesha mpaka leo. Miaka ya mwanzo ya 1970, mume na mke watafiti, Charles Super na Sara Harkness, walikuja kuishi katika kijiji cha Wakipsigis huko nyanda za juu, kijiji wanachokiita Kokwet katika maandishi yao, kuangalia watoto wanavyokua. Super aliona watoto wa Kikipsigis wakikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani. Wengine walidhani ni damu. Yeye akaona ni mafunzo: mama anachimba kashimo kidogo chini, anazungushia blanketi, anamkalisha mtoto. Anafundisha kukaa kwa makusudi, kama mtu anayefundisha kazi. Mama yangu nilipomsomea hayo alishangaa kwamba mtu amelipwa kuyaandika.

Harkness naye alisikiliza mazungumzo. Kina mama wa Kipsigis, akaona, huwaambia watoto wadogo maneno mengi ya kuamrisha. Leta. Peleka. Ondoa. Fukuza kuku. Mtoto mwenye akili, mtoto *ng'om*, ni yule unayemtuma akaenda na akarudi na kitu chenyewe, na mtu akafanya jambo bila kungoja kuambiwa. Wazee walitofautisha *ng'om* wa nyumbani na *ng'om* wa shuleni. Wa shuleni ni habari nyingine.

Hapo ndipo niliiona nyumba yetu. Lugha kwetu haikuja kwa kusimuliwa rangi ya mpira. Ilikuja kwa kutumwa. Neno "kijiko" ulilijifunza kwa sababu ulitumwa kijiko ukaleta mwiko, ukarudishwa, ukacheka au ukalia, ukaenda tena. Neno lilikuwa na uzito kwa sababu kuna mtu jikoni anangoja. Kogo, nyanya yetu mzaa baba, alikuwa anatutuma vitu ambavyo hata havihitaji, ili aone kama tutakumbuka vyote vitatu tukifika kwake. Usiku alianza vitendawili, akasema "Tangoch!" na ole wako ulale kabla zamu yako haijafika. Hadithi zake zilikuwa na chemosit, lile jitu, na alikuwa anasimama katikati kukuuliza jitu limeenda njia gani. Usipojibu haendelei.

TV haimtumi mtoto. Ndilo kosa lake kubwa, naona, zaidi ya matusi na mabusu ambayo wachungaji wanalalamikia. Inamwambia mambo kutwa nzima na haitaki kitu kutoka kwake isipokuwa pesa ya mama yake. Mtoto anaweza kukaa miaka miwili akiambiwa, bila hata mara moja kungojewa.

Sitaki mtu afikiri ninalilia zamani. Aliyenibeba mimi ni dada yangu huyuhuyu. Alikuwa *cheplakwet* wangu, ndivyo tunavyomwita msichana mdogo anayelea mtoto. Alikuwa na miaka saba. Siku za kuvuna mama alimtoa shule ili anishike, na alirudia darasa. Maneno yangu ya kwanza niliyasikia mgongoni kwake. Leo watoto wa umri ule wako darasani, wanavyostahili, na hakuna mtu anayetaka kumrudisha msichana wa miaka saba nyumbani ili mwingine ajifunze kuongea. Lakini aliondoka, na mahali pake hapakukaa mtu. Pakakaa TV. Binamu wamejenga mbali, kogo amekufa, majirani wameweka fensi. Mtoto ambaye angekuwa na watu kumi na wawili wa kumtuma ana mama mmoja mwenye magoti mabaya. Ukiniuliza ni nani alikosea hapo, sioni mtu.

Januari mvua inapotea na chai inapungua. Siku za kuchuna zinakatwa, na mshahara unafuata. Dada alikosa kulipia sola siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu TV ikajifunga. Taa zikajifunga nazo. Tukarudi kwenye koroboi na skrini nyeusi yenye vumbi.

Siku mbili za kwanza mtoto aliipiga makofi. Aliibusu pia, jambo lililomwuma mama. Alilia mpaka akalala. Lakini aliyeteseka zaidi, na atanisamehe, ni mama. Alikuwa ameacha telenovela mahali pabaya, mtu alikuwa karibu kuolewa na ndugu yake bila kujua. Ilibidi atume ujumbe kwa jirani wa ng'ambo ya mto. Mdogo wangu alianza kuchelewa kurudi. Hata mimi nilikuta kimya kile kinanikatiza kazi kuliko kelele. Kenya nzima iliwahi kuonja hali hiyo Februari 2015, wakati wa kuhamia dijitali, Citizen, NTV na KTN zilipopotea hewani karibu wiki tatu kwa ugomvi wa masafa. Nakumbuka watu wazima sokoni wakitazamana kama waliofiwa.

Wiki ya pili mtoto alihamia miguuni mwa mama. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Mama akienda jikoni yuko, akienda kwa ndama yuko, akikanyagwa yuko. Na mtu akikaa miguuni mwa mwanamke wa Kipsigis muda mrefu kiasi hicho, atatumwa tu. Mama hakukata shauri lolote. Hakusoma makala yangu. Alikuwa anataka kijiti na mkono wake haufiki. "*Ibu*," akasema. Leta.

Mtoto akamletea jiwe. Akarudishwa. Akaleta ganda la mahindi. Akarudishwa. Mama alikuwa amechoka na anacheka, na moshi ulikuwa unamwingia machoni. Mara ya nne akaleta kijiti, na mama akasema maneno mengi mfululizo ya kumsifu. Nilikuwa mlangoni na simu mkononi na sikupiga picha.

Baada ya hapo alitumwa kila kitu. Kikombe, kitambaa, ufagio unaomzidi urefu. Nilianza kwenda naye dukani, nikimpa sarafu aishike na kumwambia aseme mwenyewe "chumvi," na mwenye duka, mzee mwenye subira, alikuwa anajifanya kiziwi mpaka aseme. Siku moja, TV ikiwa bado imefungwa, mtoto alisimama karibu na jagi. Hakumvuta mtu kidole. "*Kogo*," akasema, na mama akageuka. "*Amache*." Nataka. Hakusema anataka nini, lakini jagi lilikuwa pale.

Labda wakati wake ulikuwa umefika tu. Kuna watoto wanaochelewa na kufunguka bila sababu, na mimi si daktari.

Dada alikuja mwisho wa mwezi. Mtoto akamkimbilia na kumpa amri tatu kwa Kikipsigis, na dada akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akauliza, "Na *one two three*?"

Hakukumbuka, au hakutaka. Nikaona uso wa dada ukibadilika.

Tuligombana usiku ule, kwa sauti ya chini, nje karibu na tangi. Nilimweleza ya Seattle, ya maneno 770, ya Kokwet. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hiyo ni zaidi ya nilivyotegemea. Kisha akasema, "Mimi chai nimeichuna kwa Kikipsigis. Unataka naye aichune?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani lipo. Sera ya elimu inasema mtoto wa darasa za chini vijijini afundishwe kwa lugha ya eneo lake mpaka Gredi ya 3. Lakini dada ameshaona nasari za kulipia huko juu, ambako mtoto wa miaka mitatu anahojiwa kwa Kizungu na mama yake anangoja nje kama mgonjwa. Alichokinunua kwa mkopo hakikuwa TV. Kilikuwa mwalimu wa Kizungu ambaye hachoki na hadai likizo, na mimi niliyeacha chuo ndiye niliyekuwa ninamwambia mwalimu yule ni bubu.

Na hakukosea yote. Mtoto akishafika miaka mitatu, minne, kipindi kizuri kinafundisha. Ubongo, watu wa Dar es Salaam, walitengeneza *Akili and Me* kwa watoto wa kabla ya shule, na watafiti waliowapima watoto Morogoro, katika utafiti uliochapishwa 2018, walikuta waliotazama kwa wiki chache wamewazidi wenzao katika kuhesabu, kutambua maumbo na hata maneno ya Kizungu. Hapa Kenya kuna Akili Kids, iliyoanza hewani Machi 2020, shule zilipofungwa kwa korona, na haihitaji kulipia. Nilimwambia hayo pia. Nilimwambia Kizungu kitakuja, hata mimi kilikuja, lakini mtu hujifunza lugha ya pili akiwa tayari anajua lugha ni ya nini. Akasema hayo ni maneno ya mtu anayelipwa kwa maneno. Kisha akaniuliza, kwa utaratibu, ni nani atakayekaa na mtoto wake mchana nikipata kazi ya maana nikaondoka.

Alilipa deni kabla hajapanda kurudi. TV ikafunguka asubuhi yake, ikaanza katikati ya sentensi.

Kilichotuokoa, kama tumeokoka, si Shirika la Afya Duniani. Ni betri. Katika zile wiki mama alikuwa ameapa kwamba hatapitwa tena na telenovela, na akagundua kwamba ikiwashwa kutwa, saa mbili usiku betri inakufa watu wakiwa kanisani kwenye harusi. Ikilala mchana, inafika mpaka mwisho. Basi akaifunika kwa kitambaa chake cha kusuka, kile cheupe cha wageni, na mtu akikigusa kabla ya jua kuzama anasikia. Mtoto anaruhusiwa katuni kidogo saa kumi, akikaa na mtu. Mara nyingi mtu huyo ni mimi. Mhusika akiuliza swali kwenye skrini, namwambia ajibu, tunapaza sauti wote wawili kama wendawazimu, kwa Kizungu, kwa ajili ya dada. Amerudi kuhesabu. Sasa tatu ipo, anaruka nne.

Mdogo wangu analalamika kwamba DJ Afro amewekewa saa kama mgonjwa. Jumapili mahubiri bado yanaanza alfajiri na hakuna anayethubutu kuyafunika.

Sasa mtoto anakaribia miaka mitatu na ametugeuzia kibao, anatutuma sisi. Anakaa kwenye kigoda, anaelekeza, "*ibu*," na ukimletea kisicho chenyewe anakurudisha. Juzi taarifa ya habari ilikuwa imeanza, na alikuwa anatafuta kandambili yake moja. Akaenda mpaka karibu na skrini, akamwangalia msomaji wa habari usoni, akamwambia alete kandambili. Msomaji akaendelea na mambo ya bungeni. Akarudia, kwa sauti ya juu zaidi, akangoja. Halafu akaja kuniambia mimi.